Kuanza kalingi ukubwani, wakati wenzako wamezaliwa nayo

Kalingi ni mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu kuelekea duara la shabaha, huku wenzako wakifagia barafu mbele ya jiwe. Fainali yake ya wanawake katika Olimpiki ya Beijing, Februari 2022, ilianza saa saba usiku kwa saa za huku Uskoti. Nilikuwa zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, na bibi mmoja aliyegoma kulala ananifafanulia kila jiwe. Eve Muirhead, nahodha wa Uingereza, na wenzake wakawachapa Wajapani 10–3. "Baba yake naye alicheza," bibi akaniambia. Halafu akaniuliza nangoja nini mimi.

Nilikuwa na miaka 34 na sijawahi kukanyaga barafu kwa hiari. Sasa nina misimu kadhaa miguuni, kwa hiyo haya ni ya yule anayetaka kuanza akiwa mtu mzima, akiwa wa kwanza kwao.

Kwanza ujue unacheza na nani. Baba yake Eve, Gordon, alikuwamo kwenye timu ya Uingereza ya Olimpiki ya 1992, kalingi ikiwa bado mchezo wa maonyesho. Mwaka 2018 kule PyeongChang, Eve alikuwa nahodha wa wanawake, na kaka yake Glen na mdogo wao Thomas wakawa kwenye timu ya wanaume. Na Muirhead si peke yao. Klabu za huku zimejaa watu ambao babu zao waligombania mawe kwenye maziwa yaliyoganda. Mtoto wa nyumba hiyo akifika miaka kumi, ameshashika ufagio mara nyingi kuliko nitakavyoushika mimi hadi nistaafu. Usijilinganishe naye. Tafuta njia ya kuyakusanya masaa hayo haraka.

Siku ya kwanza, kabla ya jiwe, jifunze kukanyaga. Kiatu kimoja kina soli ya kung'ata barafu, kingine ni cha kuteleza. Unapoingia, tanguliza kile cha kung'ata. Unapotoka, tanguliza cha kuteleza. Mimi niliambiwa hivyo vizuri kabisa, nikaitikia, nikafanya kinyume. Nilitua kwa kiwiko na kwa wiki mbili nilikuwa namimina chai kwa mkono wa kushoto.

Jiwe lenyewe ni granaiti, na kanuni zinaliruhusu kufika kilo 19.96. Mengi ya mashindano makubwa yametokana na kisiwa kidogo cha Ailsa Craig, magharibi mwa Uskoti. Usilinyanyue hata siku moja. Liinamishe ubavuni tu, upanguse chini yake kwa kiganja. Pale chini pana pete nyembamba, na ni hiyo pekee inayogusa barafu. Unywele mmoja wa ufagio ukinasa hapo, jiwe linapotea njia kama mlevi. Pangusa kila mara, hata ukiona pasafi. Utaisikia granaiti ikikukwaruza viganja, baridi kali, halafu unairudisha taratibu isigonge barafu.

Kutupa sasa. Wenyewe wanasema kutupa, ingawa hakuna kinachorushwa. Kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kulia unauweka kwenye kikanyagio cha mpira, unachuchumaa, jiwe mbele yako, mkono wa kushoto umeshika ufagio wa kukutegemeza. Macho yako kwenye ufagio wa nahodha aliyesimama upande wa pili, karibu mita 40 kutoka kwako. Inua makalio, vuta jiwe nyuma kidogo na mguu wa kushoto urudi nalo. Kisha jiwe litangulie mbele, mguu wa kushoto ulifuate na kuingia chini ya kifua chako, na hapo ndipo unajisukuma kwa mguu wa kulia.

Nguvu yote imetoka kwenye mguu huo. Mkono hauna kazi ya kusukuma. Nilichukua msimu mzima kuliamini hilo, maana kila nilipoogopa kwamba jiwe halitafika, mkono uliliongezea kidogo mwishoni, na hapo hapo likaacha njia. Ukiona mawe yako yanakwenda kombo bila sababu, chunguza mkono kabla ya kulaumu barafu.

Mpini nao una lugha yake. Anza ukiwa umeelekea namba 10 ya saa ya ukutani, uuachie ukiwa kwenye 12. (Nasema namba, sisemi saa nne, tusije tukapotezana.) Jiwe litazunguka polepole na kupindia kulia. Anzia kwenye 2 umalizie kwenye 12, litapindia kushoto. Mizunguko mitatu hivi hadi lisimame inatosha. Liachie kabla ya kufika mstari mnene wa kwanza, la sivyo linaondolewa.

Lakini ushauri ninaouthamini kuliko huo wote ni huu: omba kucheza namba moja. Timu ina watu wanne, kila mmoja anatupa mawe mawili kwa raundi. Namba moja anatupa yake mapema, kisha anafagia yale sita ya wenzake. Mechi ya raundi nane ni mawe 48 uliyotembea nayo bega kwa bega, ukiyasikia yanavyonguruma na yanavyochoka. Barafu ya kalingi ina vipele, matone ya maji yaliyonyunyizwa yakaganda. Ukifagia unavipasha joto, jiwe linakwenda mbali zaidi na kupinda kwake kunapungua. Kwa hiyo mfagiaji ndiye wa kwanza kujua jiwe lina mwendo gani, kabla ya nahodha. Masaa ambayo mtoto wa ukoo aliyapata kwa kukaa na baba yake, wewe utayapata humo. Weka uzito wa mwili juu ya ufagio, kichwa kikiwa juu yake. Ukifagia kwa nguvu za mikono pekee unafanya usafi tu.

Unahodha usiukimbilie. Wanaodhani ni cheo waitazame mechi ya kugombea shaba ya 2018. Muirhead alibaki na jiwe la mwisho dhidi ya timu ya Satsuki Fujisawa ya Japani, akajaribu pigo gumu la kupata pointi mbili, likaharibika, wakafungwa 5–3. Mwaka huo huo akafanyiwa upasuaji wa nyonga. Ili wafike Beijing ilibidi wapitie mchujo wa mwisho kule Leeuwarden, Uholanzi, Desemba 2021. Na waliyemkuta fainali ni Fujisawa yuleyule.

Adabu yake nayo inafundishwa mapema, kama salamu. Mnapeana mikono kabla na baada, na walioshinda ndio wanaowanunulia wenzao vinywaji. Kwenye klabu hakuna refa wa kukuchunga. Msimu wangu wa kwanza tulicheza na familia moja: babu nahodha, mama, mjomba, na binti wa miaka kama kumi na mmoja. Raundi ya mwisho tumelingana, binti anafagia jiwe la babu yake, na mimi nimesimama nyuma yake nikiangalia kwingine. Jiwe linaingia vizuri kabisa kwenye nyumba, yaani lile duara la shabaha, karibu na kitovu chake. Ghafla akainua ufagio juu. "Nimeligusa," akasema. Hakuna aliyekuwa ameona. Babu akaja, akalitoa kwa mguu, wakapoteza mechi kwa pointi moja. Tulipokaa mezani, ambapo mimi ndiye niliyekuwa nadaiwa soda, hakuna aliyelitaja tena. Babu alikuwa akimwonyesha kwa vijiko jinsi ya kushika kona raundi ya tano.

Msimu huku ni kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Machi, na klabu nyingi hupokea wageni mwanzoni mwake. Vaa suruali inayovutika na viatu safi visivyotoka nje. Glovu chukua pea mbili. Moja italowa wakati wa kupangusa mawe.