Jinsi ya Kuchambua Uamuzi wa Mzazi Unavyokoleza Mgogoro katika Tanzia

Wanafunzi wengi wakiulizwa uamuzi wa mzazi unakolezaje mgogoro katika tanzia, yaani tamthilia inayoishia kwa msiba, huishia kuandika kwamba mzazi ni mkatili, jibu ambalo hata likiwa sahihi halielezi mgogoro ulikolezwaje. Tuchukue Romeo and Juliet ya William Shakespeare.

Anza na msimamo wa mzazi kabla hajaamua. Katika sehemu ya 1, onyesho la 2, mzee Capulet anamtaka Paris, anayemposa binti yake Juliet, asubiri miaka miwili, kwa kuwa binti hajatimiza miaka 14, tena anasema ridhaa ya Juliet ni ya lazima. Usiyaruke maneno hayo, maana bila hayo msomaji hataona mzee huyo amegeuka kiasi gani katika sehemu ya 3, anapomwahidi Paris ndoa bila kumuuliza binti.

Kisha uliza nani anajua nini. Capulet anatoa ahadi hiyo Jumatatu usiku, akidhani Juliet anamlilia binamu yake Tybalt, ilhali hadhira inajua kwamba mchana huo huo binti amefunga ndoa ya siri na Romeo, kijana wa ukoo hasimu wa Montague, aliyemuua Tybalt. Kile ambacho baba anakiona kuwa faraja, kwa binti ni amri ya kuolewa na mume wa pili. Hapo ugomvi wa koo mbili unahamia ndani ya nyumba moja: Juliet anapokataa, baba anatishia kumburura hadi kanisani, mama anasema hana neno naye tena, na yaya, msiri wake wa siku zote, anamshauri amkubali Paris.

Fuatilia pia siku, jambo ambalo watahiniwa hulisahau. Harusi ilikuwa Alhamisi. Juliet anapoomba radhi kwa hila, baba kwa furaha anaiwahisha iwe Jumatano, na mkewe akipinga hasikilizwi. Dawa ya usingizi wa saa 42, ambayo Juliet amepewa na Mtawa Laurence ili aonekane amekufa na kuikwepa ndoa, inanywewa usiku mmoja mapema, huku barua ya kumweleza mpango huo Romeo, aliyefukuzwa na sasa yuko Mantua, ikikwama kwa mtawa mwingine aliyezuiliwa kwa hofu ya tauni, na Romeo anaamini mkewe amekufa kweli. Pima maneno yako hapa: Capulet hakuizuia barua, bali aliondoa siku ambayo pengine ingetosha kurekebisha kosa. Kwangu mimi, siku hiyo ina uzito kuliko matusi yake yote.

Usimalize jibu bila kumtaja Paris, mkwe aliyechaguliwa na mzee mwenyewe, ambaye anauawa na Romeo kwenye kaburi la Juliet alilokwenda kulimwagia maua.