Arabuni si rehani: kusoma lugha ya sheria katika nyaraka za Agano Jipya

Hatua ya 1. Fungua Waefeso 1:13-14, ushike penseli. Zungushia kila neno ambalo lingefaa kwenye mkataba: muhuri, arabuni, urithi. Usifasiri bado.

Hatua ya 2. Chagua neno moja. Mimi huanza na arabuni, maana hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Kigiriki kinasema *arrabon*, neno ambalo Wagiriki walilipokea kutoka lugha za Kisemiti. Letu limetujia kwa njia ya Kiarabu. Ni ndugu wa damu. Fundi aliyepokea arabuni ya kitanda tayari ameuelewa nusu ya mstari huu.

Hatua ya 3. Uliza neno hilo lilifanya kazi gani sokoni. Mikataba iliyoandikwa juu ya mafunjo, karatasi za kale za matete, iliyosalia katika mchanga wa Misri inatuonyesha: arabuni ilikuwa sehemu ya bei yenyewe, iliyotangulia. Mnunuzi akighairi, imepotea.

Usiharakishe hapa. Rehani hurudi kwa mwenyewe deni likilipwa. Arabuni hairudi, inakamilishwa. Lakini katika Mwanzo 38 Yuda anamwachia Tamari muhuri, kamba na fimbo mpaka alete mwana-mbuzi, na tafsiri ya kale ya Kigiriki inaviita vitu hivyo *arrabon*. Hiyo ni rehani kabisa! Kwa hiyo kamusi haitoshi, waraka wenyewe ndio uamue. Waefeso wanaambiwa Roho ni arabuni ya urithi: wamekwisha kuonja sehemu ya kile watakachopewa chote.

Hatua ya 4. Tafuta mtoaji. Niliwahi kufundisha kwamba utumishi wetu ndio arabuni tunayompa Mungu. Nilikosea. Katika 2 Wakorintho 1:22 anayetoa ni Mungu.

Hatua ya 5. Usizilazimishe picha zote ziwe kesi moja. Urithi ni wa familia, arabuni ni ya biashara.

Hatua ya 6. Sasa jaribu Wakolosai 2:14. Biblia ya Union inasema hati "ya kutushitaki", lakini neno la Kigiriki, *cheirographon*, lilikuwa hasa hati ya deni iliyoandikwa kwa mkono. Na kitenzi cha kuifuta ni kile cha kupangusa. Kisha soma Filemoni 18-19: Paulo, kwa mkono wake mwenyewe, anamwandikia Filemoni kwamba deni la Onesimo, mtumwa wake Filemoni, atalilipa yeye Paulo.