Bwawa likibaki Dar, wenyewe mkiwa Moshi

Desemba ikifika katikati, wateja wangu wengi wa Mbezi Beach na Kunduchi hufunga nyumba na kwenda kwao Kilimanjaro "kuhesabiwa", yaani kula sikukuu na ukoo. Mwaka mpya ukiingia simu zinaanza: "Fundi, njoo uone, maji yamekuwa kama mlenda." Bwawa la kuogelea likishafika hapo, kulirudisha kunakula dawa nyingi, maji mengi na siku kadhaa za kusugua. Kuliacha vizuri ni kazi ya jioni mbili tatu tu.

Wengi huamini kinga ni kumwaga klorini nyingi asubuhi ya safari. Sivyo. Kinacholinda bwawa ni maji kuendelea kuzunguka, na mtu uliyemwacha nyumbani kujua la kufanya. Klorini isiyo na kinga dhidi ya jua huliwa na jua la Desemba ndani ya saa chache, maji yenyewe yana joto la karibu nyuzi 30, na kaskazi inaangusha majani ya mwarobaini kutwa nzima.

Anza siku tatu kabla ya kuondoka. Opoa majani, sugua kuta kwa brashi, hasa nyuma ya ngazi na kwenye pembe ambako maji yanalala, kisha vuta uchafu wa chini. Fanya bekiwoshi, yaani rudisha maji kinyumenyume kwenye filta yatoe uchafu, mpaka maji unayoyaona kwenye kioo cha filta yawe safi, halafu rinsi kidogo. Zima pampu kila unapogeuza mkono wa vali, la sivyo unaharibu gasketi. Ukimaliza, soma geji ya presha na uandike namba yake ukutani kwa makapeni. Siku sindano itakapopanda psi 8 hadi 10 juu ya namba hiyo, filta imeziba, na hata asiye fundi ataona.

Halafu pima pH kabla ya kugusa klorini. Iwe kati ya 7.2 na 7.6. Ikifika 8, klorini yako inapoteza sehemu kubwa ya nguvu hata kipimo kikionyesha ipo. Ishushe kwa asidi kidogo kidogo, pampu ikiwa inazunguka, upime tena.

Jua likizama, piga dozi kubwa ya klorini. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, lina lita 48,000. Kwa klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 15 kwa kila lita 1,000 zinatosha, yaani takriban gramu 700. Kwenye ndoo yanatangulia maji, unga unafuata. Kamwe usimwagie unga maji. Acha pampu ifanye kazi usiku kucha, na asiingie mtu mpaka klorini ishuke chini ya 3 kwenye kipimo (ppm).

Klorini ya kuacha bwawani ukisafiri ni ile ya vidonge vya gramu 200, ndani ya chombo chake kinachoelea. Kwa bwawa la ukubwa huo weka vitatu au vinne kwa wiki, na ukifunge chombo kamba kikae katikati, mbali na ngazi. Usiviweke ndani ya skima, lile tundu la ukutani lenye kikapu linalovuta maji ya juu: pampu ikisimama, maji makali yenye asidi yanatulia pale, na ikiwaka yanakwenda moja kwa moja kwenye mabomba. Na tafadhali, vidonge na unga visikutane. Kila kimoja kiwe na ndoo yake na kikombe chake, kwa sababu vikichanganyika vinaweza kushika moto au kulipuka. Hapo sina mjadala na mtu.

Sasa umeme, ambao ndio huangusha watu wengi kuliko dawa. Pampu ya farasi moja hula karibu uniti moja kwa saa. Ukiiendesha saa 8 kwa siku, wiki mbili ni uniti 112, hujahesabu friji na taa za nje. Luku ikiisha tarehe 24 usiku, bwawa limelala na jua la Krismasi linaingia. Unaweza kununua umeme ukiwa Moshi kwa simu, lakini lazima awepo mtu wa kuingiza namba kwenye mita. Taima ya kuzungusha kwa mkono nayo husimama umeme ukikatika. Ukirudi, saa yake imebaki nyuma. Mwonyeshe mlinzi namna ya kuirudisha. Mimi napendelea pampu izunguke masaa manne asubuhi na manne jioni.

Maji hupungua pia, milimita 5 hivi kwa siku wakati wa upepo. Jaza hadi robo tatu ya mdomo wa skima. Yakishuka chini ya mdomo huo pampu inavuta hewa na mota inaweza kuungua. Kama una shaka linavuja, weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ndani ya bwawa, tia alama ya usawa wa maji ndani na nje ya ndoo, pampu ikiwa imezimwa. Baada ya siku moja, kama maji ya nje yameshuka zaidi ya yale ya ndoo, ita fundi kabla hujasafiri.

Mlinzi asipewe maelezo getini wakati mizigo inapakiwa. Fanya naye kazi siku mbili nzima, yeye akishika wavu na vali, wewe ukitazama. Kisha bandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha pampu. Hii ndiyo ninayowaandikia wateja:

"Asubuhi: toa majani, safisha kikapu cha skima (zima pampu kwanza). Tazama maji yako wapi kwenye mdomo wa skima. Jioni: soma geji, soma mita ya Luku. Jumapili: ongeza vidonge, vaa glavu. Mvua kubwa ikinyesha, piga picha maji utume. Usipoona tundu la chini, piga simu siku hiyohiyo. Unga wa klorini usiguse."

Mwachie glavu, vocha, na malipo ya ziada kwa kazi hiyo, maana si sehemu ya ulinzi aliyoajiriwa nayo. Na mwambie wazi kwamba hatagombezwa kwa kupiga simu. Wengi wao huona maji yakigeuka rangi wakanyamaza kwa kuogopa kumsumbua bosi sikukuu.

Funga geti la bwawa kwa kufuli. Shule zimefungwa, watoto wa jirani wanazunguka, na kile chombo cha vidonge machoni pao ni mwanasesere. Mtoto anayezama hapigi kelele. Usitandike turubai juu ya maji ukadhani umeziba, akikanyaga linamfunika.

Kuna wanaoona bora watoe maji yote. Huku Mbezi na Kigamboni, mvua zikinyesha maji ya chini ya ardhi hupanda, na bwawa tupu linaweza kusukumwa juu au kupasuka. Kuacha maji bila klorini nako ni kufuga mbu: yai hufika kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi siku kumi, na Dar imeshaonja dengi mwaka 2014 na 2019.

Ukirudi, watoto wataomba kuruka humo kabla hujafungua begi. Wape dakika kumi za kungoja. Angalia kama unaliona vizuri tundu la chini, toa chombo cha vidonge, pima pH na klorini. Kama klorini iko kati ya 1 na 3, waache waingie.