Jinsi ya kuombea jarida la wanafunzi namba ya ISSN

Makala zimehaririwa, ugomvi wa tanbihi umekwisha, na jarida lenu la sera za umma linakaribia kutoka. Hapo ndipo mtu huuliza, "ISSN iko wapi?", yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha jarida. Kwa Tanzania huombwa kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba, Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Kwa nchi isiyo na kituo chake, ombi huenda kituo cha kimataifa kilichoko Paris.

Fomu si kazi. Kazi ni mambo mawili ambayo lazima yaamuliwe kabla hamjaigusa.

La kwanza ni jina. ISSN hufungwa kwenye jina la jarida, haifuati wahariri wala chuo. Mkilibadilisha jina kwa kiasi cha kueleweka kuwa ni jarida jingine, mnaomba namba upya. Ombi letu sisi lilirudishwa kwa sababu ya neno moja: jalada lilisema "la Wanafunzi", ukurasa wa ndani ukalisahau. Kwa hiyo gombaneni sasa, mkishakubaliana liandikeni herufi kwa herufi, na liwe hilo hilo kwenye jalada, ndani, kwenye tovuti na kwenye barua. Litafuteni pia kwenye portal.issn.org, bure kabisa, muone kama kuna wengine wanaolitumia.

La pili ni mchapishaji. Mhariri mkuu akiwa mwaka wa tatu, mwakani hayupo, na klabu ya wanafunzi inaweza kulala miaka miwili bila mtu kushtuka. Mchapishaji awe idara au kitivo, na mkuu wake awaandikie barua yenye muhuri. Fungueni barua pepe ya jarida. Msiandike ya mwenyekiti.

Sasa jazeni fomu. Ambatisheni barua hiyo, jalada, ukurasa wa hakimiliki wenye majina ya wahariri, na yaliyomo. Ulizeni ada na idadi ya nakala za kupeleka kabla ya kupanda daladala. Jarida la mtandaoni linataka kiungo kinachofunguka na makala zilizokwisha kuwekwa. Tovuti yenye maneno "linakuja hivi karibuni" haisaidii. Kama mnachapa kwenye karatasi na pia mtandaoni, ombeni namba mbili, kila aina na yake.

Fomu inauliza pia jarida hutoka mara ngapi. Vijana wengi huandika mara nne kwa mwaka. Halafu UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inafika. Andikeni mara moja, mkiweza mbili.

Namba ikija, ikagueni kabla ya kumpa mchapaji. Ni tarakimu 8, nne kistari nne, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Zidisha saba za mwanzo kwa 8, 7, 6 hadi 2 kwa mfuatano, jumlisha, gawanya kwa 11, kisha toa salio kwenye 11. Chukua 0317-8471: jumla ni 120, salio 10, na 11 toa 10 ni 1, ndiyo ile ya mwisho. Mkipata 10 huandikwa X, kwa hiyo msimruhusu mbunifu wa jalada aifute akidhani ni kosa la chapa. Kwenye karatasi iwekeni juu kulia mwa jalada. Mtandaoni, ukurasa wa mwanzo.

Msiitangaze kama cheti cha ubora. ISSN inatambulisha jarida tu, na gazeti la porojo hupewa vilevile. Mhadhiri anayetaka kujua kama makala zenu zimepitiwa na wahakiki atauliza utaratibu wa uhakiki, na huo uandikeni nyinyi wenyewe ndani ya toleo.

Toleo likitoka, pelekeni nakala za amana, yaani za kuhifadhiwa, maktaba, mchukue risiti ya mapokezi. Iwekeni faili moja na barua ya idara na nywila ya barua pepe, akabidhiwe mhariri ajaye kabla ya mahafali.