Taa ya eabegi haizimi: boksi linaona nini, na hitilafu uitafute wapi

Washa swichi bila kupiga stata. Ile taa yenye picha ya mtu aliyeketi na duara mbele yake huwaka, hukaa kama sekunde 6, kisha huzima yenyewe. Ndani ya sekunde hizo boksi la eabegi, yaani kompyuta ndogo inayoamua mifuko ya hewa ifyatuke lini, limeshajikagua na kupitia kila waya unaotoka kwake. Isipozima, au ikiwaka tena gari likiwa njiani, kuna kitu boksi limekiona na limekiandika kwenye kumbukumbu yake. Usichomoe chochote kabla hujasoma kilichoandikwa.

Katika magari mengi ya Kijapani boksi liko katikati ya gari, chini ya konsoli, karibu na gia. Limefungwa kwa bolti 3 au 4 kwenye bati la sakafu na juu yake pana mshale unaotazama mbele. Ndani yake kuna sensa inayopima mwendo unavyokatika ghafla, na sensa hiyo huujua upande wa mbele kwa jinsi boksi lilivyofungwa tu. Ndiyo maana bolti iliyolegea ni hatari: boksi linaanza kupima mtikisiko wake lenyewe badala ya mtikisiko wa bodi. Kuliacha likining'inia kwenye nyaya huku swichi imewashwa ni hatari zaidi, kwa sababu likidondoka linaweza kuhesabu kwamba gari limegonga.

Boksi haliamui peke yake. Kuna sensa ndogo mbele, karibu na rejeta, na katika magari yenye eabegi za pembeni kuna nyingine kwenye nguzo za kati. Sensa ya nje na ya ndani zinapaswa kukubaliana, na boksi huangalia pia umbo la pigo. Tuta au shimo hutikisa gari juu na chini kwa muda mfupi. Mgongano hula mwendo wa mbele mfululizo. Kwa ajali ya mbele uamuzi huchukua takriban milisekunde 15 hadi 30, na mfuko wa dereva hujaa milisekunde 30 hivi baada ya hapo. Kope yako haijamaliza kufumba.

Mkanda ndio huanza. Roli ya mkanda ndani ya nguzo ya kati ina kichupa kidogo chenye baruti. Boksi likikiwasha, gesi husukuma pistoni au msururu wa vigololi vya chuma vinavyozungusha roli kinyumenyume, na mkanda uliolegea kifuani huvutwa ndani sentimita 10 au zaidi. Mwili ukishabanwa, chuma kilicho katikati ya roli husokoteka polepole na kuuachia mkanda kidogo ili usivunje mbavu. Katika mgongano wa wastani mikanda inaweza kufyatuka eabegi zikabaki zimelala, na hapo wengi hudanganyika: gari linaonekana zima, taa inawaka, fundi anahangaika na usukani. Vuta mkanda. Uliofyatuka mara nyingi hukwama, hautoki wala haurudi. Kama kifyatuo, yaani hicho kichupa cha baruti, kiko kwenye loki ya mkanda, linganisha loki mbili za mbele: iliyofyatuka imezama chini kuliko mwenzake. Roli au loki hiyo haitengenezwi, inabadilishwa.

Sasa jambo ambalo ukilielewa utapunguza nusu ya kubahatisha. Kila kiwashio cha eabegi na cha mkanda ni kiwaya chembamba chenye ukinzani wa omu 2 hadi 3. Boksi hupitisha humo mkondo mdogo sana, miliampea chache, ili kupima ukinzani huo muda wote swichi ikiwa imewashwa. Kukifyatua kunahitaji kama ampea 1.2 kwa milisekunde 2. Kwa hesabu ya omu 2, kutu kidogo kwenye pini ya soketi inayoongeza omu 1 au 2 ni kosa kubwa. Boksi linaona waya umekatika. Kwenye taa ya breki kutu hiyo hiyo usingeihisi kabisa. Kwa hiyo shuku soketi kabla ya kushuku boksi.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayokataza kupima kiwashio kwa maltimita ya kawaida au taa ya kupimia. Hujui mita yako inasukuma mkondo kiasi gani, na uso wako uko juu ya usukani.

Kusoma kosa, tumia mashine inayoingia kwenye mfumo wa SRS, yaani wa eabegi na vifyatuo vya mikanda. Zile za bei nafuu nyingi husoma injini tu. Kwenye Toyota nyingi za zamani kidogo unaweza kuunganisha pini 4 na 13 za soketi ya kupimia (ile ya kuchomekea mashine) kwa kipande cha waya, ukawasha swichi na kuhesabu mimweko ya taa. Kwa kawaida 13 ni saketi ya eabegi ya dereva iliyoshikana (nyaya zake mbili zimegusana), 14 ni iliyokatika. 53 na 54 ni hivyo hivyo kwa abiria. 31 ni boksi lenyewe. Taa ikimweka mfululizo bila namba, hakuna kosa lililoandikwa; kama hata hivyo ilikuwa haizimi, pima betri: umeme ukishuka, taa huwaka bila kuandika kosa.

Kabla ya kushika soketi yoyote ya njano, rangi ya soketi za eabegi, zima swichi, toa waya hasi wa betri, usubiri. Ndani ya boksi kuna kapasita zinazohifadhi umeme wa kufyatulia hata betri ikikatika katika ajali. Toyota hutaka angalau sekunde 90, Honda na Nissan dakika 3. Ukisubiri 10 hujapoteza kitu.

Anza chini ya viti vya mbele. Soketi za njano za hapo huvutwa kila kiti kinaposogezwa, hupigwa teke na chupa zinazoviringika, na hunywa maji kila kapeti inapooshwa. Chomoa, angalia pini zenye kijani au weupe, puliza kwa dawa ya kusafishia soketi za umeme, kausha, rudisha mpaka usikie klik. Klik hiyo ina maana yake. Ndani ya soketi kuna kibati kinachounganisha pini mbili pale inapochomolewa, ili umeme tuli usiwashe baruti. Soketi isiposhika hadi mwisho kibati hakiinuki, na boksi linasoma saketi imeshikana.

Kosa likiwa la dereva, na honi au vitufe vya usukani navyo vimekufa, tatizo ni koili iliyo nyuma ya usukani, utepe wa nyaya uliokunjwa kama kamba ya saa. Hukatika zaidi baada ya mtu kushusha usukani na kuifunga bila kuiweka katikati. Tairi zikiwa zimenyooka, izungushe taratibu kinyume cha saa mpaka igome, kisha irudishe. Kwenye Toyota nyingi ni takriban mizunguko 2 na nusu mpaka alama zikutane. Eabegi uliyoitoa ibebe uso wake ukitazama mbali nawe, na mezani uilaze uso juu. Ikifyatuka ikiwa imelala kifudifudi, itaruka kama roketi.

Bado huna uhakika? Weka rezista ya omu 2 mahali pa kiwashio, upande wa nyaya za gari, rudisha betri pasipo mtu ndani, futa kosa. Likiondoka, eabegi au kifyatuo cha mkanda ndicho kibovu. Likibaki, ni nyaya, koili au boksi. Rezista hiyo ni ya kupimia tu, itoe ukimaliza. Wapo wanaoiacha humo ili kuuza gari lililopata ajali: taa inazima vizuri, usukani ni ganda tupu. Wengine huunganisha taa ya eabegi na taa ya oili, nazo huzima kwa pamoja injini ikiwaka. Kama unanunua, washa swichi bila stata na uangalie: taa ya eabegi inapaswa kuzima peke yake, ya oili ibaki.

Boksi lililokwisha kufyatua huandika data ya ajali na mara nyingi hujifunga. Mafundi wengi huifuta data hiyo kwenye chipu na kulirudisha. Watengenezaji husema libadilishwe. Kufuta kumbukumbu hakukagui sensa wala kapasita, na rezista ya omu 2 haitakuambia kama litafyatua mara ya pili.

Kwa magari ya Kijapani kuna suala la vijazio (vichupa vinavyojaza mfuko gesi) vya Takata, kampuni iliyofilisika mwaka 2017. Vingi vilitumia baruti ya amoniamu naitreti ambayo kwa miaka ya joto na unyevu huharibika, na ikiwaka hupasua chuma chake na kurusha vipande. Kwa gari linaloishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, joto na unyevu ni vya kila siku. Boksi halioni kasoro hii, kwa kuwa omu bado ni 2, na taa itazima kama kawaida. Njia ni kuingiza namba ya chesi kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Japani au kumpa wakala wake. Namba za huko zina kistari katikati, herufi za modeli kabla yake. Inakili yote kutoka kwenye kibati, si kwenye kadi.