Somo: Kunasa NAVTEX ya kHz 518 kwa kipokezi kipya cha SDR

NAVTEX ni maonyo ya mabaharia yanayotumwa kwa maandishi kupitia redio, na SDR ni kipokezi cha redio kinachoendeshwa na programu ya kompyuta. Kipokezi cha Airspy HF+ Discovery huanza kHz 0.5, kwa hiyo hakina shida hapa. Kingine, RTL-SDR Blog V3, kimetajwa kuanzia kHz 500. Yafaa, ila uko ukingoni mwake. Hata hivyo, kinachoharibu usikivu mara nyingi si kipokezi, ni umeme wa nyumba. Anzia hapo.

Hatua ya 1. Laptopu iende kwa betri. Fungua SDR++, programu ya kuonyesha mawimbi, utazame kHz 400 hadi 600, kisha zima swichi kuu ya umeme wa nyumba. Kioo kikitulia ghafla, adui yumo ndani. Rudisha swichi vifaa vyote vikiwa vimezimwa, kisha washa kimoja kimoja: chaja ya simu, taa za LED, inveta ya sola. Mistari iliyoachana kwa nafasi sawa na inayoyumbayumba ni ya chaja au inveta. Stesheni haiyumbi.

Hatua ya 2. Tengeneza antena ya kitanzi. Funga fito mbili za mkoko za mita 1.5 ziwe msalaba, upate mraba wa mita 1 kila upande. Zungusha waya wa shaba wenye ganda mara 10, ukiacha mm 5 kati ya mizunguko. Mita 42 zatosha. Ncha zake ziunge kwenye kapasita ya kuzungusha ya pF 365, ile ya redio kuukuu. Mzunguko mwingine mmoja, usiogusana na hiyo 10, ndio uende kwenye kebo ya antena. Sasa zungusha kapasita taratibu mno: utaona kelele imevimba kama kilima kinachotembea kioo kizima. Kilete juu ya 518, ukiache hapo. Ukingo wa kitanzi ukielekea stesheni, sauti hupanda. Uso wake ukielekea chanzo cha kelele, kelele hufifia.

Hatua ya 3. Kwenye SDR++ weka modi ya USB (ukanda wa juu, si tundu la USB), kHz 517.0. Pitisha sauti kwa kebo pepe (programu inayopeleka sauti toka programu moja hadi nyingine) hadi fldigi, programu ya kugeuza toni kuwa maandishi, chagua NAVTEX, kati iwe Hz 1000. Ujumbe hufunguliwa na ZCZC, hufungwa na NNNN. Baada ya ZCZC, herufi ya kwanza ni stesheni, ya pili ni aina: A onyo la usafiri, B onyo la hali ya hewa, D utafutaji na uokoaji.

Maswali ya wanachama

*Likoni:* Fundi, nikae macho saa ngapi?
Jibu: Kila stesheni ina dakika 10 kila baada ya saa 4. Kwa saa zetu, herufi A huanza saa 1, saa 5 na saa 9, usiku na mchana. B dakika 10 baadaye, na kuendelea. Usiku ndio masafa haya hufika mbali.

*Kisauni:* Sauti naisikia safi, maandishi ni vurugu tupu.
Jibu: Kaka, huenda uko LSB (ukanda wa chini), toni zimegeuka. Rudi USB.

*Changamwe:* Kuna mstari mnene kHz 19.8, hauzimiki.
Jibu: Hiyo ni NWC, stesheni ya kijeshi ya Exmouth, Australia, inayowasiliana na nyambizi. Ujumbe umefichwa kwa siri, lakini ni kipimo kizuri cha antena. Kwa huko chini toa kapasita, unga kitanzi moja kwa moja kwenye kebo.

*Nyali:* Miezi mitatu tu, antena imedhoofika.
Jibu: Dada, chumvi hiyo. Fungua viungo, vikiwa na ukijani, kwangua, chomelea upya, kisha zungushia tepu ya mpira inayojishika. Kapasita ikae ndani ya mkebe wa plastiki wenye kifuniko. Na masika yakianza kunguruma, chomoa kebo kwenye kipokezi uitoe nje ya dirisha.