Mambo ya kuzingatia kabla hujachukua gari ya otomatiki ya kuvutia karavani

Nianze na kibati, maana ndo watu wengi wanakiruka. Kabla hujaangalia viti wala rangi, fungua mlango wa dereva au boneti utafute kile kibati chenye namba ya chasisi, kwa magari ya mfumo wa Ulaya kina mistari minne ya uzito: wa kwanza ni uzito wa juu wa gari yenyewe, wa pili ni gari pamoja na trela, miwili ya mwisho ni ekseli ya mbele na ya nyuma. Toa wa kwanza kwenye wa pili, hapo unapata picha ya trela unayoweza kuvuta gari ikiwa imejaa, halafu linganisha na kitabu cha gari. Mstari wa pili ukiwa haupo kabisa basi hiyo gari haikuruhusiwa kuvuta kitu, usibishane na muuzaji, tafuta nyingine. Na usichukue namba za toleo la manyuo ukadhani ndo za otomatiki, gari ileile injini ileile inaweza kuwa na uzito tofauti wa kuvuta kisa giaboksi tu. Huko Ulaya, kipimo kinataka gari iweze kuondoka kwenye mlima wa asilimia 12 mara tano ndani ya dakika tano ikiwa na trela, kwahiyo hiyo namba ina maana yake, haijaandikwa kupamba.

Ukishamaliza hapo uliza ni giaboksi ya aina gani, usikubali jibu la "otomatiki tu". Ya toki konveta, yaani inayounganisha injini na gia kwa oili badala ya klachi, ndo chaguo langu kwa kuvuta mzigo na sioni haya kulisema. Konveta inasukuma kwa oili, hakuna klachi ya kuungua wakati wa kuondoka, na ile sekunde ya kwanza ya kuondoka inaongeza nguvu ya mzunguko inayoenda kwenye gia, kwenye nyingi karibu mara mbili, ndo maana gari inaondoka mlimani na karavani (trela la kulala) nyuma bila kulia wala kutetemeka. Ya klachi mbili ni tamu barabara ikiwa wazi, ila ndani bado ni klachi. Zipo kavu na zipo zinazokaa ndani ya oili, na tofauti yake ni kubwa: DQ200 ya Volkswagen yenye gia saba ni kavu na mwisho wake ni kama Nm 250 (Nm ni kipimo cha nguvu ya mzunguko), wakati DQ250 ya gia sita inakaa kwenye oili na inabeba mpaka Nm 350. Kama lazima uchukue klachi mbili basi chukua ya oili. CVT, yaani zinazotumia mkanda badala ya gia za kawaida, nyingi zimepewa uzito mdogo wa kuvuta, na zile "gia" unazopanga mwenyewe ni za kuigiza, kompyuta inasimamisha mkanda sehemu fulani tu, ingawa kwenye mteremko bado zinasaidia kidogo.

Sasa tuje kwenye ile plus na minus yenyewe, ile sehemu ya leva (M au S) ya kupanga gia mwenyewe. Wengi wanaiona kama kitu cha kuendea kwa raha, mi naiona kama breki ya tatu. Fikiria gari ya kilo 2,000 na karavani ya kilo 1,500, mnashuka mlima wa mita 300 kwenda chini, joto ambalo inabidi liende mahali fulani linatosha kuchemsha kama lita 30 za maji ya baridi. Ukiweka hilo joto lote kwenye diski na pedi za breki, ukifika katikati pedali inaanza kuwa laini na unasikia harufu, na hapo ushachelewa. Injini ikiwa kwenye gia ya chini inameza sehemu kubwa ya hiyo kazi bila kulalamika. Kwahiyo gia inapangwa juu, kabla hujaanza kushuka, ukiwa bado polepole, sio baada ya karavani kuanza kukusukuma.

Hapa ndo pa kuwa makini sana wakati wa kununua, kwasababu sio kila "manyuo" ya otomatiki inakushikia gia. Kuna zinazoshika kweli gia uliyochagua. Kuna ambazo namba unayoiona ni kikomo cha juu tu, yaani ukiweka 4 yenyewe inacheza kati ya 1 na 4 inavyotaka. Kuna zinazopandisha gia zenyewe injini ikifika kwenye mstari mwekundu. Na kuna nyingi ambazo ukigusa vile vidude vya nyuma ya usukani wakati leva iko D, baada ya muda mfupi zinarudi otomatiki kimyakimya. Hiyo ya mwisho ilishanikuta, gari ya kuazima, trela limejaa, nimeshusha mpaka ya tatu vizuri, katikati ya mteremko injini ikanyamaza na spidi ikaanza kupanda, nikajikuta nakanyaga breki kwa nguvu kwenye kona. Tangu siku hiyo leva naihamisha kabisa upande wa M au S kabla ya mteremko na naangalia namba kwenye dashibodi. Pia angalia uelekeo, kuna kampuni unasukuma mbele kupandisha na kuna nyingine unavuta nyuma, kama nyumbani mna gari mbili za aina tofauti mkono utakudanganya siku ya haraka.

Kupanda nako kuna shida yake. Ukiiacha D kwenye mlima mrefu inaweza kuanza kuhangaika, sita tano sita tano, kila inapobadilisha konveta inafunguka na oili inapata moto. Panga ya tano mwenyewe, au hata ya nne, acha injini ilie kidogo, pampu ya maji na ya oili zinazunguka vizuri zaidi na konveta inapata nafasi ya kujifunga, yaani kushikana na injini moja kwa moja bila kuteleza kwenye oili. Namna ya kujua kama imejifunga ni rahisi: ongeza mafuta kidogo sana, sindano ya mizunguko ikiruka wakati spidi haijaongezeka basi iko wazi na inazalisha joto, shusha gia moja. Zima na ile kruzi inayoshika spidi yenyewe, haioni mlima ulioko mbele. Kama unaenda juu sana na injini haina tabo, jua unapoteza nguvu kama asilimia 10 kila mita 1,000, kwahiyo gia iliyokutosha chini haitakutosha kule.

Joto la oili ndo linaloua giaboksi za otomatiki kuliko kitu kingine. Uliza kama gari ina kipoza cha oili ya gia cha peke yake au inategemea rejeta tu, gari nyingi zilizotoka kiwandani na vifaa vya kuvutia zina upoozaji mkubwa zaidi kuliko ambayo tochani (ndoano ya kuvutia trela) imefungwa baadaye mtaani. Kama ni gari iliyotumika na tochani ipo, muulize mwenyewe alikuwa anavuta nini na oili ilibadilishwa lini. Akikwambia ni oili ya maisha haibadilishwi, usikubali, ZF wenyewe ambao wanatengeneza hizo giaboksi za gia nane wanashauri kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na mtu anayevuta mzigo asisubiri mwisho wa hapo. Mwambie fundi atoe oili kidogo, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua achana nayo hata kama bei inavutia.

Uzito wa pua ya karavani, yaani ule inaoukandamiza kwenye tochani, pia uupime, wengi wanalenga asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani lakini usizidi kilichoandikwa kwenye tochani. Ikizidi, gari ya kuvutwa na matairi ya mbele inanyanyuka mbele, na kwenye majani mabichi inazunguka tairi bila kwenda. Hapo ndo utafurahi kama manyuo yako inakubali kuondoka na gia ya pili.

Jaribio la mwisho kabla ya kulipa, fanya na trela, hata la kuazima. Tafuta mlima, simama katikati, shika kwa breki au handbreki, usishikilie gari kwa mafuta hata kama klachi ni ya oili, kisha ondoka. Halafu rudi rivasi polepole kupandisha kilima hichohicho, kama unaegesha karavani sehemu nyembamba, rudia mara tatu nne mfululizo. Ya toki konveta nzima itafanya hiyo kazi bila kelele. Ikianza kurukaruka, kunuka, au taa ya joto la giaboksi ikawaka, mrudishie mwenyewe funguo.